Kufunga kebo za mtandao kwa vifuli: mwongozo kamili kwa fundi na msimamizi wa mtandao

Plagi ya RJ45, ile ya kawaida ya mwisho wa kebo ya mtandao, inashikwa ndani ya poti na kitu kimoja tu, kilimi chembamba cha plastiki. Ukiisukuma plagi ndani, kilimi hujikunja, hupita ukingo wa poti, kisha hufyatuka na kukaa nyuma yake. Huo ndio mlio wa "tak" unaousikia. Kiwango cha IEC 60603-7 kinadai plagi ihimili mvuto wa nyutoni 50, yaani karibu uzito wa kilo 5, kwa dakika nzima bila kuchomoka. Kwa hiyo kilimi kizima si dhaifu kama wengi wanavyodhani. Udhaifu wake uko kwingine: yeyote mwenye kidole anaweza kukibonyeza, na kikivunjika plagi hubaki palepale, ikishikiliwa na msuguano wa pini nane, taa ikiwaka kama kawaida, hadi siku mtu atakapogusa kebo ya jirani yake.

Kifuli kinaponya udhaifu wa kwanza. Wa pili hakiponyi, kwa kuwa vifuli vingi hutegemea kilimi kilekile: hujaza nafasi iliyopo kati ya kilimi na mwili wa plagi ili kisiweze kushuka. Ukivalisha kifuli kwenye plagi iliyovunjika kilimi, umefunga mlango usio na bawaba.

Jambo la pili la kuelewa kabla ya kununua chochote ni kwamba nguvu ya kuvuta haipotei. Kebo isiyo na kifuli ikinaswa na mguu, mara nyingi ni kilimi au plagi inayoharibika, na hiyo hubadilishwa kwa dakika tano. Kebo yenye kifuli haiachii, hivyo mvuto unahamia kwenye poti, kwenye lehemu inayoishikilia poti katika bodi ya swichi (kifaa kinachounganisha kebo nyingi za mtandao), au unaiangusha swichi yenyewe kutoka kwenye rafu. Sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa ni kuhakikisha mvuto huo unaishia mahali salama.

Aina zilizopo

Kwanza kuna kebo fupi zilizotengenezwa kiwandani zikiwa na kifuli ndani ya plagi. Huchomekwa kama kebo yoyote, lakini kuchomoa kunahitaji ufunguo mdogo unaoingizwa kwenye tundu la plagi. Hizi ndizo zinazokaa vizuri zaidi, kwa sababu kifuli na plagi vilisanifiwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba lazima ubadilishe kebo nzima na ujue urefu sahihi mapema.

Pili kuna vifuli vya kuvalisha juu ya kebo uliyonayo. Panduit ni miongoni mwa watengenezaji wake. Vinafaa kwa kebo ndefu ambazo tayari zimepita kwenye kuta na dari. Adui yake mkubwa ni ule mpira unaofunika shingo ya plagi, ambao mafundi huuita buti. Buti nene inayopanda juu ya kilimi haiachi nafasi, na kifuli hukaa nusu.

Tatu kuna vizibo, yaani plagi bandia zisizo na waya zinazoziba poti tupu. Hivi husahaulika sana, ingawa poti tupu iliyo wazi kwenye korido ni hatari kuliko kebo isiyofungwa: anayechomoa kebo huleta hitilafu inayoonekana, lakini anayechomeka kompyuta yake kwenye poti tupu haonekani.

Penye mtikisiko, maji au vumbi, kama viwandani, usihangaike na vifuli vya plastiki. Tumia viunganishi vya M12 vinavyofungwa kwa kuzungusha: msimbo D una pini 4 na hutosha kwa megabiti 100 kwa sekunde, msimbo X una pini 8 na hufika gigabiti 10. Kwenye majukwaa ya muziki na matangazo hutumika etherCON ya Neutrik, ambayo ni plagi ya RJ45 ndani ya ganda la chuma lenye kishikio chake. Aina zote mbili zinahitaji soketi inayolingana upande wa kifaa, kwa hiyo uamuzi huo hufanywa wakati wa kununua vifaa.

Hatua ya 1: Hesabu ncha, si poti

Kosa la kawaida la ununuzi ni kuwa na swichi ya poti 24 na kuagiza vifuli 24. Kebo ina ncha mbili, na inayopita kwenye paneli ya pachi (ubao wa soketi ambako kebo za ukutani huishia kabla ya swichi) ina ncha nyingi zaidi. Chukua mfano huu. Swichi moja ina kebo 2 zinazokwenda kwenye ruta, seva 3, kamera 6, vifaa 4 vya Wi-Fi, kompyuta 5 za mezani na poti 4 tupu. Ruta na seva zimeunganishwa moja kwa moja. Kamera na Wi-Fi zinapita kwenye paneli ya pachi.

Kebo za ruta zinahitaji vifuli 4, za seva 6. Kamera na Wi-Fi ni vifaa 10: kila kimoja kina kebo fupi yenye ncha mbili kati ya swichi na paneli, hizo ni 20, na ncha moja kwenye kifaa chenyewe, hizo ni 10. Jumla ni vifuli 40. Ongeza akiba ya asilimia 10, upate 44, pamoja na vizibo 4. Ikiwa kifaa hakijachomekwa kwenye kebo ya ukutani moja kwa moja bali kuna soketi ya ukutani na kebo fupi, hesabu ncha mbili pale badala ya moja.

Kompyuta za mezani hazimo kwenye hesabu hiyo kwa makusudi. Watu huhamisha madawati, na kila uhamisho utakuwa safari ya kutafuta ufunguo. Kebo ya kompyuta mpakato usiifunge kabisa: mtu akiibeba kompyuta akiwa amesahau, ama poti inavunjika ama kompyuta inaanguka. Vivyo hivyo kifaa chochote ambacho lazima kiondolewe haraka wakati wa dharura.

Je, ncha zilizo ndani ya kabati lenye kufuli lake zifungwe? Kama ungekuwa unajikinga na wageni tu, ungeweza kuziacha. Lakini kuchomoa kwa bahati mbaya hutokea hasa ndani ya kabati, na mkosaji huwa ni fundi mwenyewe anayefuatilia kebo kwenye msongamano. Tukilazimika kubana matumizi, tunafunga kebo za ruta na seva kwanza, kisha ncha zilizo mahali pa wazi, na kebo fupi za paneli mwisho.

Hatua ya 2: Pima nafasi, kisha jaribu kimoja

Plagi yenyewe ina upana wa karibu milimita 11.7, na kwenye swichi ya poti 48 zimepangwa bega kwa bega. Kifuli kinachotokeza pembeni kwa milimita chache tu kinaweza kuizuia plagi ya jirani isiingie. Kagua mambo haya kwa rula mkononi:

- Vilimi vinaelekea wapi? Kwenye swichi nyingi zenye safu mbili, safu ya juu vilimi viko juu na ya chini viko chini. Hakikisha ufunguo utafika pande zote mbili, hasa kama chini ya swichi kuna kifaa kingine kilichobanana nayo.
- Mlango wa kabati uko umbali gani? Plagi yenye kifuli huwa ndefu zaidi, na kebo bado inahitaji nafasi ya kujipinda. Mlango ukiisukuma kebo, kila unapoufunga unakandamiza pini.
- Poti imezama? Kamera nyingi na simu za mezani zina poti iliyo ndani ya shimo. Kuna vifuli maalumu vya poti zilizozama. Vya kawaida haviingii.
- Buti ni ya aina gani, na je, inaweza kuvutwa nyuma?

Usiagize boksi zima kwa kutazama picha. Agiza kimoja au viwili, vijaribu kwenye kila aina ya kifaa ulichonacho, ndipo uagize vilivyobaki.

Hatua ya 3: Kagua plagi kabla ya kuifunga

Plagi iliyofungwa haitaguswa tena kwa muda mrefu, kwa hiyo kasoro unayoiacha leo utaitafuta baadaye ukiwa gizani. Bonyeza kilimi na ukiachie: lazima kirudi juu chenyewe kwa nguvu. Kikirudi kivivu, au kina mstari mweupe kwenye shina, kimeshachoka. Badilisha plagi au kebo. Tazama kama ganda la nje la kebo limeingia ndani ya plagi na kubanwa. Ukiona nyaya za rangi zikichungulia nje, mvuto wote unabebwa na nyaya nane nyembamba, na kifuli kitazidisha balaa, kwa kuwa plagi itabaki na kebo itatoka.

Pima kebo kwa testa ya kawaida, angalau kuona kama jozi zote nne za nyaya zake ni nzima. Kebo yenye jozi mbili tu nzima inaweza kuonekana inafanya kazi kwa megabiti 100, maana kasi hiyo hutumia pini 1, 2, 3 na 6 pekee, ilhali gigabiti 1 hudai jozi zote nne. Ukikuta kiungo kilichopaswa kuwa cha gigabiti kimeshuka hadi 100, usifunge kabla ya kujua sababu.

Hatua ya 4: Shikilia kebo kabla ya kuifunga plagi

Hapa ndipo mvuto unapopewa mahali pa kuishia. Ndani ya kabati, acha mzingo mlegevu nyuma ya kila plagi, kisha funga kebo kwa velkro kwenye upau au chaneli ya kebo, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye poti. Ukiivuta kebo upande wa pili wa velkro, plagi isitikisike hata kidogo. Tunapendelea velkro kuliko kamba za plastiki kwa sababu za plastiki hukazwa kupita kiasi na kuzifinya jozi za ndani. Upindaji wa kebo usiwe mkali: nusu kipenyo cha kona kisipungue mara nne ya kipenyo cha kebo. Kebo ya milimita 6 basi haipindwi kwa kona iliyo chini ya milimita 24.

Kwa kamera na Wi-Fi za ukutani au darini, funga kebo kwenye bano la kifaa. Uzito wa kebo inayoning'inia usibebwe na plagi. Swichi ndogo inayokaa mezani ifungwe kwa skrubu kwanza. Swichi isiyofungwa yenye kebo zilizofungwa itavutwa yote kwa pamoja.

Hatua ya 5: Kufunga

Chagua saa ambayo mtandao hautumiki sana, hasa kwa kebo za ruta. Fanya kebo moja hadi mwisho ndipo uende nyingine.

1. Andika jina la poti na mahali kebo inapokwenda, kisha bandika lebo pande zote mbili. Baada ya kufunga hutaweza kuchomoa "kuona tu inakwenda wapi".
2. Kama poti inapeleka umeme wa PoE, yaani umeme unaopita kwenye kebo ileile ya mtandao, uzime kwenye mipangilio ya swichi kabla ya kuchomoa. Kiwango cha IEEE 802.3bt cha mwaka 2018 huruhusu hadi wati 90 kwenye poti moja, na kuchomoa umeme ukiwa unapita huzalisha cheche inayochubua dhahabu ya pini.
3. Chomoa plagi na upulize vumbi kwenye poti kwa hewa kavu ya kopo. Usipulize kwa mdomo.
4. Valisha kifuli kwenye plagi kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Baadhi huvalishwa kabla ya plagi kuingia, baadhi baada. Ukikosea mpangilio, kifuli huzuia kilimi kisijikunje na plagi haiingii hadi mwisho.
5. Sukuma plagi kwa kidole gumba kwenye mwili wa plagi, si kwenye kifuli, hadi usikie mlio. Ndipo ufunge.
6. Vuta kebo taratibu kwa nguvu ya karibu kilo 2 ukiwa umeishika plagi karibu na shingo. Usijaribu kufikia kilo 5 za kiwango. Unathibitisha kwamba kilimi kimekaa, hufanyi jaribio la maabara.
7. Washa PoE, tazama taa ya kiungo, hakikisha kasi ni ileile ya awali. Subiri dakika chache, kisha soma hesabu ya makosa ya poti kwenye swichi. Ikiongezeka ilhali kabla haikuwa ikiongezeka, plagi haijakaa sawa.

Hatua ya 6: Funguo

Ufunguo wa vifuli hivi mara nyingi ni kipande cha plastiki au chuma chenye umbo maalumu, na modeli nyingi hutumia ufunguo mmoja kwa vifuli vyote vya aina hiyo. Maana yake, mtu aliyenunua pakiti yake mwenyewe anaweza kufungua vya kwako. Vichukulie kama kizuizi cha mkono mvivu na ajali. Ukihitaji zaidi, tafuta modeli zenye funguo tofauti kwa kila rangi, na hata hizo zisikupe usingizi mzito.

Funguo mbili kwa mafundi, moja kwenye bahasha iliyobandikwa muhuri pamoja na mchoro wa mtandao. Kila atakayeichukua aandike tarehe na poti aliyofungua. Kuacha ufunguo umening'inia kwenye mlango wa kabati ni jambo linalofanyika kila mahali, na linafuta kazi yote.

Hatua ya 7: Upande wa swichi

Kifuli hakizuii mkasi. Hakizuii pia mtu kufungua skrubu mbili za soketi ya ukutani na kujiunga kwa nyuma. Kwa hiyo zima poti zote tupu kwenye mipangilio, pamoja na kuziziba. Kwa poti za kamera, ruhusu anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) ya kifaa kilichopo tu, ukijua kwamba anwani hiyo inaweza kughushiwa. Penye uwezo, tumia 802.1X, ambayo hukidai kifaa kijitambulishe kabla ya kupewa mtandao. Weka pia tahadhari ya poti kuzima: kebo yenye kifuli ikikatika, uwezekano wa kuwa ni bahati mbaya umepungua sana, na taarifa hiyo inastahili mtu atembee akatazame.

Kufungua, na yanayoharibika

Kufungua kuna namna yake. Ingiza ufunguo hadi mwisho, uushikilie hapo, sukuma plagi ndani kidogo ili kilimi kiachane na ukingo, kisha uitoe kwa kuivuta iliyonyooka. Watu wengi huvuta kwanza na kuingiza ufunguo baadaye. Kilimi kinakuwa kimekazwa dhidi ya ukingo na ufunguo hukwama.

Kifuli kikifungwa lakini plagi ikicheza mbele na nyuma, ama buti inazuia ama kilimi hakikufyatuka. Toa, vuta buti nyuma, rudia. Kiungo kinachowaka na kuzima kila mlango wa kabati unapofungwa ni kebo inayosukumwa na mlango. Tumia kebo nyembamba au plagi yenye shingo iliyopinda.

Ufunguo ukivunjikia ndani, usiuchokoe kwa bisibisi ukilenga ndani ya poti, kwani mbele yake kuna pini nane zenye unene wa nywele kadhaa. Kata kebo nyuma ya plagi kwanza ili uone vizuri, vuta kipande kwa koleo jembamba, na ikishindikana vunja kifuli kutoka nje. Plagi na kifuli ni vya kutupwa. Poti si ya kutupwa.

Gundi ya moto na gundi ya papo hapo tumezikuta kwenye poti nyingi. Ya moto hulainika joto la kabati linapopanda, ya papo hapo huingia hadi kwenye pini na poti huishia hapo. Kama huna vifuli na unahitaji kinga leo, kata ncha ya kilimi iliyotokeza nyuma ya plagi ili kidole kisifike. Kilimi kitaendelea kushika, na utakitoa kwa bisibisi bapa ndogo.

Faiba na umeme

Kwa kebo za faiba, zinazopitisha mwanga badala ya umeme, zenye viunganishi vidogo vya LC kuna vifuli vyake, na utaratibu ni uleule, ila safisha ncha kwa kisafishio cha faiba kila unapochomoa, na usichungulie ndani kwa jicho.

Kisha zunguka nyuma ya swichi. Waya wa umeme wa aina ya C13 hushikwa na msuguano tu, na huchomoka kwa urahisi kuliko kebo yoyote uliyofunga upande wa mbele. IEC Lock ni waya wenye meno ya kushika unaoingia kwenye soketi yoyote ya kawaida ya C14, ile iliyo kwenye kifaa; V-Lock unahitaji soketi yenye mfuo wake. Kwa swichi na ruta, waya mmoja wa namna hiyo ununuliwe kabla ya kifuli cha kwanza cha RJ45.